Mchinjaji Wetu na Visu vya Mchina

Mtaani kwetu Kintinku, kule nyuma ya stesheni, hakuna kuku aliyekufa bila ruhusa ya mtu mmoja. Tulimwita Mchinjaji, wakubwa kwa wadogo, Wakristo kwa Waislamu, naye aliitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Ukitaka kula nyama, unamtumia mtoto akamwite. Jogoo wa Krismasi, mbuzi wa Idi, beberu wa mahari, hata kuku wa supu ya mzazi, wote walipita mkononi mwake, maana alichochinja yeye kililiwa na kila mtu. Mgeni akifika anakaa, ananawa, anakula, haulizi kitu. Nikiwasimulia wanangu siku hizi wananiangalia kama nawatania.

Nataka kumsema nilivyomjua. Malaika hakuwa. Alikuwa mbishi, ana maringo ya chinichini, na akikuona umeshika kisu vibaya alikuwa tayari kukusuta mbele ya mama mkwe wako.

Kitu cha kwanza cha kushangaza ni kwamba nyama yenyewe hakuipenda. Chakula chake kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, mlenda ule wa kuvutika hasa, na ukimwekea mnofu anausogeza pembeni ya sahani mpaka atokee mtoto wa kuudokoa. Ila desturi inataka mchinjaji apewe shingo, basi shingo lazima aipate. Akishapewa anaipeleka moja kwa moja kwa mama mmoja mjane, jirani yake, halafu anarudi kulalamika. "Leo mmenipa shingo ya mbuzi au ya njiwa?" anamuuliza mama yangu. Mama anamjibu, "Wewe si huli? Kinachokuuma nini?" Naye anasema, "Kinaniuma kwa niaba."

Cha pili, damu ya mtu alikuwa haiwezi kabisa. Siku kaka yangu alipojikata na mundu, Mchinjaji alikuwa barazani kwetu akinywa chai. Alivyoona ule mguu alishuka kwenye kigoda taratibu, akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akaomba maji kwa sauti ndogo. Mama alihudumia wagonjwa wawili siku ile. Tulimcheka mtaa mzima, na kila tulipomcheka alijitetea kwa maneno yaleyale, kwamba mbuzi ameumbwa aliwe na mtu hakuumbwa hivyo.

Lakini akiwa kazini alikuwa mtu mwingine. Hakunoa kisu mbele ya mnyama hata siku moja. Alinoa kwake, kwenye kinoo chake, anakuja nacho kimekunjwa mfukoni, na mbuzi hakioni mpaka dakika ya mwisho. Watoto wanaopiga kelele aliwafukuza. Alimshika mnyama kidevu kama anayemnong'oneza, anamwelekeza kibla, anataja jina la Mungu, na kabla hujajua umeona nini, imekwisha. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifia watu ovyo, alisema angependa na yeye afe kwa utulivu ule.

Baba na Mchinjaji walikuwa marafiki wa kubishana. Baba alikuwa mtu wa reli, wa genge la kutengeneza njia, na kwa imani yake kila kitu kinachodumu duniani kilitengenezwa na Mjerumani. Stesheni, madaraja, hata kengele ya kanisa, vyote Mjerumani. Basi na kisu cha Mchinjaji, kile cha kukunja chenye mpini mweusi uliong'aa kwa kushikwa, baba alikwisha kukiandikia uraia zamani. "Kile ni cha Mjerumani," aliwaambia wageni. "Sikilizeni kinavyofunguka." Mchinjaji alimwachia miaka na miaka aendelee kusema hivyo, anatabasamu tu.

Mpaka jioni moja, sijui walibishania nini, akakifungua, akamwonyesha karibu na mpini, pale chini ya bapa. "Soma hapa."

Baba alitafuta miwani. Akageuza kisu huku na huku. "Hizi si herufi."

"Ndiyo. Ni Kichina."

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekinunua kwenye duka la ushirika enzi zile za shida, enzi za foleni, wakati mtu unapanga mstari wa sabuni tangu alfajiri na ukifika dirishani unaambiwa sabuni imekwisha, vilivyobaki ni visu. Wenzake walirudi nyumbani na hasira, yeye akarudi na kisu. Baba alibaki ameshika miwani mpaka chai ikapoa. Lakini kuanzia siku hiyo aligeuka Mchina kuliko Wachina wenyewe, na Mjerumani akaachiwa kengele tu.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Waliokuwepo wanakumbuka ilivyoingia: juzi hakuna kitu, leo mnadani huna pa kuweka mguu. Plastiki za kila rangi, redio, viatu vya raba, vioo, na visu. Visu vya kukunja vilimwagwa kwenye turubai kama dagaa. Vina mpini mwekundu, vina mkasi, vina kijiko, vina kitu cha kufungulia soda, vingine vina na tochi. Kila kijana mchungaji alitembea na kimoja kiunoni kimefungwa mnyororo. Na haikupita muda vikaanza kufia mikononi. Bapa linapinda kwenye ngozi ya mhogo. Mkasi unakatika kabla haujakata. Ndipo watu wakaanza kusema "hii mchina" wakimaanisha takataka, na hadi leo wanasema.

Mchinjaji alikuwa hataki kulisikia neno hilo. Tulipokwenda naye mnadani ilikuwa aibu tupu kwa sisi tulioongozana naye, maana hakupita turubai la visu bila kuchuchumaa. Makali hayakumhusu. "Hata kipande cha bati kina makali," alisema. Alikifungua kisu pole pole huku amekiinamishia sikio, akasikiliza kama kinagonga mara moja au kinasuasua. Akalisukuma bapa kwa kidole gumba kushoto na kulia aone kama linacheza. Mwisho akaiangalia ile pini inayoshika bapa na mpini, akaitazama muda mrefu mpaka mmachinga akachoka.

"Mzee, nunua au tupishe."

"Hiki usimuuzie mtu mwenye watoto," anamjibu, anakirudisha chini, anachukua cha pili.

Lakini alikuwa anavikuta na vizuri, ndani ya lundo hilohilo. Anaokota kimoja, anagonga, anasukuma, anaangalia pini, halafu anamwita kijana yeyote aliye karibu na kumwambia anunue hiki, kitamzika. Vijana waliomsikia walikuwa navyo miaka mingi. Ndiyo maana ukimtukana Mchina mbele yake alikasirika kweli. "Mchina ni fundi," alisema. "Ukimwendea na hela ya kisu, anakupa kisu. Ukimwendea na hela ya pipi, anakupa pipi yenye umbo la kisu. Sasa kosa la nani? Mtukane aliyemwagiza." Na akaongeza jambo ambalo wazee wenzake hawakulipenda, kwamba zamani mtaa mzima ulikuwa na kisu kimoja cha maana na kikipotea watu wanapelekana kwa balozi wa nyumba kumi, wakati sasa hivi hata mtoto wa mchunga mbuzi ana cha kwake cha kuchongea fimbo. Kibovu, ndiyo, lakini chake.

Kuna ile methali ya kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Aliichukia. "Muongo huyo. Mwenye kisu anapewa shingo."

Nimeanza na haya kwa sababu yale ya harusi yangu hayaeleweki bila haya. Mume wangu ni wa upande wa Ilongero, na kwao baba zake wadogo ni Waislamu, wajomba ni Wakristo, kwa hiyo wakwe waliotushukia pale Kintinku walikuwa nusu kwa nusu. Kwetu hilo halikuwa tatizo. Tulikuwa na Mchinjaji. Tatizo lilikuwa la baba, na hakumwambia mtu. Mwaka ule alikuwa amepunguzwa kazi reli, yeye na wenzake wengi, na mwanamume aliyezoea kuwa mtoaji akajikuta hana cha kutoa. Alitaka mbele ya wakwe aonekane bado ni mtu. Akaenda mnadani peke yake, akamnunulia rafiki yake zawadi. Alinunua nini? Kisu cha kukunja. Cha Mchina. Si ndiyo Mchinjaji mwenyewe alikuwa anahubiri kila siku kwamba Mchina ni fundi?

Alimkabidhi asubuhi ya harusi, uani, wakwe wote wamekaa. Akasimama na koti lake la reli na kuwaeleza kwamba huyu mnayemwona hapa si mtu baki, ni mtu wa nyumba hii, na leo atafanya kazi kwa kisu kipya. Watu wakapiga makofi. Kilikuwa kikubwa, chekundu, kina mkasi, kina kijiko.

Mimi nilikuwa dirishani nasukwa. Nilimwona Mchinjaji akikifungua. Nilimwona akikiinamishia sikio, kidogo tu, asionekane. Nilimwona kidole gumba kikisukuma bapa. Nilimfahamu yule mzee, na nilijua uso wake wa kisu kibovu. Akakikunja, akamshika baba mkono kwa mikono miwili, akasema asante, ndugu yangu. Kile chake cheusi alikitoa mfukoni, akamkabidhi mtoto akirudishe nyumbani.

Beberu wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili alikuwa mkubwa, ndiye wa wakwe hasa, ana shingo kama ya ndama. Katikati ya kazi pini ilichomoka. Bapa likarudi likamkata Mchinjaji vidole, kisu kikaanguka mchangani vipande viwili, na yeye akiona damu yake mwenyewe akayumba. Vijana wakakimbia kutafuta kisu kingine, huyu anasema jikoni, yule anasema kwa jirani. Kilipopatikana, beberu alikuwa amekwisha kufa na kazi haijakamilika.

Kwa Waislamu mnyama aliyekufa hivyo ni kibudu, hafai kuliwa. Lakini wakwe walikuwa wamekwisha kuhamia upande wa mbele, wanapigiwa ngoma. Waliokuwa nyuma pale ni baba, Mchinjaji, na vijana wetu wawili watatu wa kuchuna. Baba akamsogelea, nilikuwa nimetoka mlangoni kwa hiyo nilimsikia. "Ndugu yangu," akasema, "nani ameona?"

Mchinjaji alikuwa amejifunga kitambaa mkononi, uso umepauka. "Mimi nimeona," akasema.

Akazunguka mbele. Akawasimamisha wapiga ngoma. Akawaambia wageni kwamba beberu mkubwa ameharibika, Waislamu wasile, na kosa ni la mkono wake, mkono umezeeka. Kisu hakukitaja. Hakugusa hata kidogo habari ya kisu. Baba alikuwa ameviokota vile vipande na kuvitia kwenye mfuko wa koti, akasimama ukutani, akawa anaangalia chini.

Mama alifanya alichoweza. Beberu yule wakala Wakristo, na wa kwanza akapikwa peke yake kwa ajili ya wengine. Ndipo kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu pakawekwa masufuria mawili, na mtu mwenye mwiko akasimama kati akiuliza, "Wewe ni upande gani?" Nililia, watu wakadhani ni kilio cha bibi harusi.

Ingekwisha pale. Kwa miaka mingine ingekwisha pale. Lakini zilikuwa siku za wahubiri wa vipaza sauti viwanjani, wa huku wanawasema wa kule na wa kule wanawasema wa huku, na maneno ya kuchinja yalikuwa yanawaka kama nyasi za kiangazi. Kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimegeuka. Eti Mchinjaji kakataa nyama ya Wakristo. Eti Wakristo walimpa kisu kichafu makusudi. Watu waliokula harusini kwangu ndio walioyasema. Haukupita mwaka, upande wetu wa Wakristo ukapata kijana wake wa kuchinja, na shughuli za mtaani zikawa za masufuria mawili, hata msiba.

Na baba na rafiki yake wakaacha kutembeleana. Hawakugombana. Wakikutana njiani walisalimiana vizuri, habari za nyumbani, nzuri, kila mmoja akashika njia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ugomvi. Mimi nilikuwa nimehamia Dodoma na mume wangu, na kila Krismasi nilirudi kwa treni. Nilikuta jogoo amefungwa mguu kwenye mti wa ua, maji yamechemka, na baba amekaa kwenye kiti anaangalia njia.

"Mtume basi mtoto akamwite," mama anamwambia.

"Mtu wa nyumba hii huitwa?" baba anajibu. "Niliwaambia wakwe ni mtu wa nyumba hii. Nikimwita nitakuwa nimemfanya mgeni. Atakuja mwenyewe."

Tunangoja. Maji yanaongezwa, yanachemka tena. Ikifika saa sita mama anatoka na kisu cha jikoni, anampa mjomba, wanamaliza shughuli nyuma ya nyumba. Baba anakula kidogo. Mwaka unaofuata, hivyohivyo. Niliona kwamba baba ana aibu na ile zawadi yake, na nikadhani Mchinjaji naye amekwisha kutusamehe na kutusahau, kama watu wanavyosahau.

Baba alikufa masika. Mchinjaji alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa na kofia yake mkononi, akasubiri zamu yake ya udongo, akatupa, akaondoka kabla ya chakula. Nilimwona mgongo ukipotea kwenye kona ya stesheni na nikataka kumkimbilia, lakini mfiwa hakimbii.

Ilipita miaka kabla sijamwona tena. Nilisikia yuko Manyoni, kwa binti yake, na nilikuwa na safari ya huko, basi nikaulizia nyumba. Nilimkuta uani kwenye kiti cha kamba. Amekonda. Macho yamefunga ukungu. Binti yake akaniambia niongee kwa sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainua uso. "Hiyo sauti ni ya nyuma ya stesheni."

Nilimwambia mimi ni nani, naye akanishika mkono hakuuachia. Akauliza habari za mama, za kaka na mguu wake. Akauliza kama Kintinku mnada bado unajaa. Tuliongea hivyo mpaka binti yake akaingia jikoni. Nilikuwa nimekaa na swali langu miaka mingi, nikalitoa.

"Mzee, kile kisu ulikijua?"

"Kile?" Akatabasamu kidogo. "Nilikijua kabla hakijafunguka chote. Pini ilikuwa ya bati."

"Sasa kwa nini?"

"Baba yako alikuwa amesimama mbele ya wakwe, mwanangu. Hana kazi. Ningekikataaje?" Akachezea ncha ya kanzu. Halafu akauliza, sauti imeshuka, nami nikaona kwamba hili ndilo lake, kwamba na yeye alikuwa amelikalia kama mimi nilivyolikalia langu. "Baba yako alininunia mpaka akafa?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote. Jogoo kwenye mti, maji yanayochemshwa mara mbili, baba na kile kiti chake, na maneno aliyomjibu mama kila mwaka.

Alisikiliza amefumba macho. Kuku wa binti yake walikuwa wanapekua miguuni kwake, akawafukuza kwa mkono bila kuwaona.

"Mchinjaji haendi bila kuitwa," alisema. "Mnyama ni wa mwenyewe. Lazima mwenyewe akutume. Ukijipeleka, unachinja mali ya watu."

"Tungejua, mzee."

"Mimi nilidhani hanitaki." Akatafuta mkono wangu tena, akaupata. "Na kila Krismasi nilioga asubuhi. Nikavaa kanzu safi, nikakaa mlangoni nasikiliza mtoto anakuja. Mpaka inaadhiniwa adhuhuri, ndipo navua."